Nimesomea sheria, nyumbani wanasema nahesabu mbuzi za watu

Shangazi shikamoo,

Nimeanza kusoma safu yako nikiwa chuo, nikicheka matatizo ya wenzangu. Leo zamu yangu.

Nina miaka 28 na shahada ya sheria. Tangu nimalize chuo nafanya kazi ya utafiti msaidizi kwenye asasi moja ya haki za ardhi, na muda mwingi nipo vijijini mkoa wa Morogoro, kwenye zile wilaya ambazo ukisema tu "wakulima na wafugaji" kila mtu ameshaelewa. Tunahoji watu, tunakaa kwenye vikao vya mabaraza ya ardhi ya vijiji na ya kata, tunasoma madaftari yao, tunajaza majibu kwenye kishikwambi, na jioni tunapanda kilimani kutafuta mtandao ili data iende. Mkataba ni wa miezi sita sita. Huu wa sasa unaisha Desemba na hakuna aliyenigusia chochote kuhusu kuendelea.

Hivi karibuni nilimhoji mama mmoja mjane. Mumewe alipofariki, mashemeji walichukua shamba la bondeni, lile la mpunga, wakamwachia kipande cha juu chenye mawe. Akaenda baraza la ardhi la kijiji. Anasema kabla ya kikao alitakiwa kutoa hela ya kuwapeleka wajumbe kukagua shamba, akauza kuku akatoa. Siku ya kikao wakazungumza mashemeji, wakazungumza wazee, halafu yeye akaulizwa kama nia yake ni kuvunja ukoo. Akanyamaza.

Kesho yake niliomba kuona daftari la baraza. Ni kaunta buku lililovalishwa gazeti. Nikapekua mpaka nikalipata shauri lake: tarehe, majina, "mgogoro wa shamba", na mstari wa mwisho, "Shauri limeisha. Wamepatana." Chini yake dole gumba lake, wino wa bluu. Nilipoendelea kufunua kurasa, nikaona mashauri ya wanawake karibu yote yanaishia na mstari huohuo. Nani alipata nini, hakuna.

Kwenye dodoso letu kuna swali: mgogoro umetatuliwa, ndiyo au hapana? Niliweka hapana. Msimamizi wangu akanirudishia, anataka niweke ndiyo, kwa kuwa kumbukumbu rasmi za baraza zinasema wamepatana, na mfadhili anataka takwimu, hataki simulizi. Nimekaa na fomu hiyo mpaka leo sijaituma.

Si hilo tu. Mwenyekiti wa kijiji amenifuata gengeni nikinywa chai. Kwa upole kabisa akasema amesikia kuna watu wanalichafua baraza, na kwa kuwa yeye ndiye aliyetupokea, angependa kusikiliza nilivyorekodi. Nilicheka, nikamwambia nitawasiliana na ofisi. Sijawasiliana. Na yule mama naye ananipigia simu: "Mwanasheria, kesi yangu umeifikisha wapi?" Sasa hivi nikiona namba yake naiacha simu iite mpaka ikatike.

Nyumbani ndiko kabisa. Mama yuko Korogwe, amenisomesha kwa shamba la mahindi na kushona nguo za watu. Juzi kaniambia, "Nimekusomesha sheria, wewe unakwenda kuhesabu mbuzi za watu." Baba mdogo yuko Dar, ana rafiki yake mwenye ofisi ya uwakili, wamekubaliana nitapokelewa, ila niende kwanza Law School, yale mafunzo ya vitendo ya kabla ya kuwa wakili. Mshahara wangu wenyewe Bodi ya Mikopo inakata asilimia 15 kabla sijauona. Law School naiogopa, nina rafiki zangu wamekwamia pale na walikuwa wakali kuliko mimi darasani.

Shangazi, utafiti huu wa vijijini ni kazi ya maisha au ni kituo tu ninaposubiria daladala? Na yule mama nimwambie nini?

Mtafiti wa vijijini,
Morogoro

* * *

Marahaba mwanangu.

Umeuliza kuhusu kazi ya maisha, lakini kuna jambo haliwezi kusubiri mpaka tufike huko. Leo hii, kabla hujalala, mwandikie msimamizi wako kuhusu ombi la mwenyekiti. Andika, usipige simu. Eleza alichoomba, lini, mbele ya nani, na kwamba hukumpa. Ukimaliza, hamisha zile sauti kutoka kwenye simu yako ziende mahali penye nywila, kisha uzifute kwenye simu.

Mwenyekiti hana haki ya kuzisikiliza, hata kwa dakika moja. Barua ya utafiti ilitoka juu, ikapita kwa katibu tawala na halmashauri, ikashuka kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Utaratibu huo unampa haki ya kujua mpo kijijini kwake na mnafanya nini kwa jumla. Alichosema mtu na mtafiti, mlango umefungwa, hakimo humo. Yule mama alikubali kuzungumza nawe kwa sharti kwamba jina lake halitatoka, na bila shaka ulimsomea sharti hilo kwa kinywa chako. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo hili si suala la maadili ya chuoni peke yake. Mwenyekiti akikufuata tena, mwambie sheria hairuhusu na asasi imekataa kwa maandishi. Ukimwambia wewe ndiye hutaki, mtaanza kubembelezana.

Halafu uwe mwangalifu na maelezo yako. Umeniandikia mimi "mjane, shamba la mpunga la bondeni, aliuza kuku". Hapa gazetini nimeyaacha kwa kuwa kijiji hukukitaja na Morogoro ni pana. Lakini ripoti yenu itarudi kijijini ikiwa imetaja kata, na sentensi hiyo moja inatosha kumtambulisha kuliko jina lake la ubatizo. Yeye ndiye atakayebaki pale na mashemeji zake mtakapowasha gari.

Sasa huyo mama. Pokea simu yake. Kumwacha aite ndiko kunakompa matumaini, kwa sababu anadhani uko mahakamani unamshughulikia. Mwambie waziwazi kwamba wewe si wakili, huna kesi yake yoyote mkononi, na mahojiano mliyofanya si mashtaka. Litamuuma. Lakini anapoteza muda, na kwa mtu aliyenyang'anywa shamba la mpunga kila msimu unaopita ni mashemeji wanavuna.

Ukishamwambia hivyo, mwonyeshe njia. Kumwonyesha mtu mlango wa mahakama si kumwakilisha. Hapa ndipo naona wanasheria wengi vijana wanachanganya: wanaogopa kuvuka mpaka wa utafiti, basi wanakaa kimya hata kwa jambo ambalo karani yeyote angelisema bure.

Cha kwanza anachotakiwa kujua ni kwamba baraza la ardhi la kijiji halihukumu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeliweka kwa ajili ya kusuluhisha: wajumbe saba, wanawake wasiopungua watatu, wanapendekezwa na halmashauri ya kijiji na kuthibitishwa na mkutano mkuu. Hakuna anayelazimishwa kulitumia, na asiyeridhika anasonga mbele. Lile dole gumba halijamfungia njia, ingawa mashemeji watamwonyesha kama hukumu ya Mahakama ya Rufani.

Cha pili, na hiki ndicho kinachowaangusha wajane wengi, ni mirathi. Shamba lilikuwa la marehemu. Akienda kudai kama mke tu, upande wa pili watauliza swali moja: msimamizi wa mirathi ni nani? Kama hakuna, shauri linaweza kutupwa kabla hata halijasikilizwa, naye atarudi kijijini na nauli imekwisha. Kwa hiyo ataanzia Mahakama ya Mwanzo, aombe mirathi ifunguliwe na msimamizi ateuliwe. Watamtaka cheti cha kifo, na karibu kila mahali watamtaka muhtasari wa kikao cha familia. Hapo mashemeji watagoma kusaini; wanagoma karibu wote. Asikate tamaa, amweleze hakimu kwamba wamegoma na kwa nini. Anayepinga atakuja kupinga mbele ya mahakama, kwa sababu, na atahojiwa.

Baada ya hapo ndipo mgogoro wa shamba, kama bado upo, unakwenda baraza la kata. Nalo tangu marekebisho ya mwaka 2021 limeondolewa mamlaka ya kuamua, kazi yake ni kupatanisha. Likishindwa linatoa hati ya kwamba limeshindwa. Na zikipita siku 30 bila usuluhishi, anaweza kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya hata bila hati hiyo. Mwandikie zile siku 30 kwenye karatasi. Kuna mabaraza ya kata ambayo yana tabia ya "njoo Alhamisi ijayo" mpaka mtu anazeeka.

Wa kumshika mkono si wewe, ni msaidizi wa kisheria. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua. Wana mafunzo, wanafanya kazi chini ya asasi zilizosajiliwa, na hawaruhusiwi kumtoza mtu hela. Ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii kwenye halmashauri, watakwambia aliye karibu. Mpigie wewe mwenyewe kwanza, usikie sauti yake, uhakikishe si binamu wa mjumbe wa baraza. Ndipo umpe mama namba. Asasi yenu inapaswa kuwa na orodha ya watu hawa tangu siku ya kwanza, na kama haina, huo ni upungufu wa mradi, na uuseme.

Tuje kwenye fomu yako, maana naona ndiyo inayokula usingizi wako kuliko yote.

Usibadilishe jibu. Lakini usilipiganie kwa namna ambayo msimamizi atakuona mkorofi, kwa sababu ana nusu ya hoja. Ni kweli kumbukumbu rasmi inasema wamepatana, na mtafiti hawezi kuifuta kumbukumbu kwa kuwa amemhurumia mtu. Tatizo ni swali lenyewe. Limeuliza mambo mawili kwa pamoja: kama baraza limelifunga shauri, na kama mlalamikaji amepata alichodai. Mpendekezee ayatenganishe yawe maswali mawili, na liongezwe la tatu: ardhi inayobishaniwa iko mkononi mwa nani leo? Hilo la tatu halina hisia ndani yake, unakwenda shambani unaangalia nani analima. Mfadhili anayetaka takwimu mpe takwimu, na hizo zitakuwa bora kuliko alizoomba. Mwandikie msimamizi hivyo kwa barua pepe ya ukurasa mmoja, ukiambatanisha mifano ambayo umeiondolea majina. Akikataa, jaza ulichokiona na uweke maelezo kwenye sehemu ya maoni. Barua pepe yako itabaki.

Nimelikalia sana hili la daftari, mwanangu, kwa sababu naona hujaelewa ulichookota.

Angalia ngazi ilivyo sasa. Kijijini wanasuluhisha. Kata wanasuluhisha. Mtu wa kwanza mwenye uwezo wa kuamua nani mwenye shamba yuko makao makuu ya wilaya, na kufika huko ni nauli, ni siku ya kazi, ni kulala kwa watu. Maana yake idadi kubwa ya migogoro ya ardhi ya wanavijiji inamalizikia kwenye makaunta buku kama lile uliloliona. Humo hakuna sababu za uamuzi, hakuna aliyesema nini, hakuna kitu ambacho hakimu anaweza kukikagua. Fungua tovuti ya TanzLII ambako hukumu za mahakama zetu zinawekwa, utafute shauri la yule mama mjane. Huwezi kuliona, na wakili wa Posta hawezi kuliona, na profesa aliyeko Mlimani hawezi kuliona. Analiona aliyekaa kwenye benchi la ofisi ya kijiji na kuomba daftari.

Chukua shauri la Holaria Pastory ambalo bila shaka mlifundishwa. Mwanamke wa Kihaya aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, mtoto wa ndugu akaenda mahakamani kupinga kwa kuwa mila haimruhusu mwanamke kuuza. Mwaka 1990 Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza akasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume juu ya ardhi hiyo. Kila mwanafunzi wa sheria nchini anaijua hukumu ile. Na miaka tisa baadaye Sheria ya Ardhi ya Vijiji ikaandika kabisa kwamba mila inayomnyima mwanamke kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Lakini wewe umemhoji mwanamke ambaye kikaoni aliulizwa kama anataka kuvunja ukoo, akanyamaza. Tunaijua kesi ya Holaria kwa sababu ilipanda mpaka juu. Yaliyoishia chini hayana wa kuyaandika. Huo ndio utafiti wako, na mtu anaweza kuufanya maisha yake yote wala usiishe.

Mama anasema unahesabu mbuzi. Basi kuna watu wakubwa wamezihesabu kabla yako. Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, iliyoundwa mwaka 1991 chini ya Profesa Issa Shivji, ilizunguka mikoani kusikiliza wananchi wakieleza walivyoporwa mashamba. Serikali haikukubali yote. Pendekezo la kuondoa umiliki mkuu wa ardhi mikononi mwa Rais lilikataliwa. Lakini mjadala wa sheria za ardhi uliokuja baadaye ulijengwa juu ya malalamiko yaliyosikilizwa vijijini. Ndivyo kazi hii inavyolipa: polepole, vipande vipande, na mara nyingi jina lako halimo. Kama unataka kushinda kesi Ijumaa na kuitiwa vinywaji jioni, hapa sipo.

Sasa nakwambia kitu ambacho labda hukukitarajia. Nenda Law School.

Baba mdogo ana haki, ila kwa sababu tofauti na zake. Mtafiti wa sheria asiye na leseni ya uwakili hapa kwetu anabaki msaidizi kwa muda mrefu mno. Matangazo ya kazi za ushauri elekezi, nafasi za kuongoza mradi, hata heshima ya msimamizi wako, vinaangalia hilo. Utakapokuwa wakili, mjane wa aina ile hutamwonyesha mlango tu. Na kuna mlango mwingine ulifunguliwa mwaka huohuo wa 2021: mawakili sasa wanaruhusiwa kwenye mahakama za mwanzo zinazoongozwa na hakimu mkazi. Huko nyuma wakili aliyekaa wilayani hakuwa na la kufanya kwenye mahakama ya mwanzo. Sasa analo, na wenzako wengi bado wamebanana Dar wakigombania wateja walewale.

Hofu yako ya kufeli siipuuzi. Matokeo yaliyotangazwa Oktoba 2022 yalitikisa nchi: kati ya wanafunzi 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26, 342 walitakiwa kurudia baadhi ya mitihani na 265 waliondolewa. Ilibidi iundwe kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza. Lakini usisome takwimu hizo kama bahati nasibu. Pale wanapima vitendo: kuandaa hati za madai, taratibu za mashauri, kuandika kitu ambacho mahakama inaweza kukipokea. Wewe umekaa miaka na madodoso, mkono umekauka. Anza sasa. Kila jioni mtandao unapokataa, chukua mgogoro mmoja uliouona, ubadilishe majina, uandike hati ya madai, kisha uandike majibu ya upande wa pili kana kwamba wamekuajiri wao. Mtafute rafiki yako mmoja kati ya hao waliokwama akuonyeshe alipokwamia. Atakufaa kuliko aliyefaulu.

Hela ndiyo ngumu, na sitakupamba. Usiache kazi kabla ya Desemba. Muulize msimamizi kwa maandishi, mwezi mmoja kabla, kama mkataba unaendelea, wala usisubiri uambiwe. Ukiendelea, weka akiba ya ada kabla ya kitu kingine chochote, na hicho kinachobaki baada ya asilimia 15 ya Bodi nadhani unakijua vizuri kuliko mimi. Usipoendelea, ofa ya baba mdogo ikubali, ukiwa na sharti moja ambalo utaliweka mapema mkiwa bado mnaelewana: uruhusiwe kuchukua mashauri ya ardhi na mirathi, hata yale yasiyo na hela nyingi. Akikataa, bado nenda ujifunze, ila ujue hapo si pa kukaa.

Na usifikiri utafiti unafanyika kwenye asasi za wafadhili peke yake. Tume ya Kurekebisha Sheria kazi yake ni hiyo. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kipo Lushoto, jirani kabisa na mama yako. Vyuo vikuu vyenye shule za sheria vipo Mzumbe, Iringa, Mwanza. Na vinahitaji watu wanaoijua ngazi ya kata kwa kuikalia. Tena mwaka huohuo wa 2021 sheria ilibadilishwa, Kiswahili kikawa ndiyo lugha ya sheria na ya mahakama. Wanaojua kuandika sheria kwa Kiswahili kinachoeleweka na mjumbe wa baraza ni wachache, na wewe barua yako nimeisoma bila kukwama mahali. Andika. Kurasa nne tu kuhusu unachokiona kwenye madaftari, bila majina, umpelekee mwalimu wako wa zamani akurekebishie. Mkataba ni mali ya asasi, data ni mali ya asasi, kwa hiyo omba ruhusa kwanza. Lakini jicho lililoona ni lako.

Kuhusu mama. Amekusomesha kwa cherehani, ana haki ya kuuliza faida iko wapi. Kumjibu kwamba "ni utafiti, mama" hakumsaidii. Ukienda Korogwe muulize lile shamba la mahindi limeandikwa jina la nani, na akiondoka yeye leo kikao cha ukoo kitasema nini juu yako. Mwache aongee. Nadhani atakusimulia mambo ambayo hujawahi kuyasikia, na ukimaliza kumsikiliza hutahitaji kumweleza unafanya kazi gani. Kama shamba halina hati ya hakimiliki ya kimila, muanze kulifuatilia pamoja, wewe ndiye mwanasheria wa nyumba.

La mwisho, kabla mradi haujafunga virago. Rudisheni matokeo. Wanavijiji wamechoka kuhojiwa, kila mwaka gari jipya na fulana mpya, na majibu wanayasikia redioni kama wana bahati. Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ukae walau kila baada ya miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe. Ombeni nafasi kwenye mkutano wa robo hii ya mwisho. Msitaje shauri la mtu. Waambieni baraza lina wajumbe wangapi kisheria, kwamba halihukumu, kwamba asiyeridhika ana pa kwenda, na kwamba anayedaiwa hela ya kukagua shamba aombe risiti. Mwenyekiti hatafurahi, lakini mtakuwa mnasoma sheria hadharani na hana pa kukamata. Barua ya kuomba nafasi hiyo ipelekeni kwa mtendaji mapema ili iingie kwenye ajenda yenyewe. Mkisubiri "mengineyo", nusu ya watu watakuwa wameshaondoka, na walioondoka kwanza ni kina mama wanaowahi kupika.

Shangazi